Masta ya breki ya Volkswagen 1300 (1971): shajara ya kazi

Gari na ugonjwa wake

Volkswagen 1300 ya mwaka 1971, usukani kulia, breki za dramu magurudumu yote manne, za saketi mbili (njia mbili za mafuta zinazojitegemea), busta ya kuongezea nguvu ya mguu hakuna. Linalala Tanga, karibu na bahari, chini ya banda lisilo na ukuta. Banda hilo linahusika na kesi hii: mafuta ya breki hunywa unyevu, na pwani unyevu haukosekani.

Lalamiko: ukisimama kwenye mteremko mguu ukiwa juu ya breki, pedeli inashuka yenyewe pole pole, inafika kama nusu ya safari yake, ndipo inakamata. Ukipampu mara mbili inapanda. Ukiishikilia inashuka tena. Mafuta kwenye kopo la akiba la breki hayapungui.

Siku ya 1: kuhakikisha ni masta kweli

Masta, yaani silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, husingiziwa mengi. Pedeli inayozama inaweza kutokana na mpira wa breki (bomba laini kati ya paipu ya chuma na gurudumu) unaovimba, silinda ya tairi inayovuja au paipu iliyooza, na mwenye gari akabadilishiwa masta nzima bure. Kwa hiyo tulianza nje. Gari likapandishwa, tukakagua nyuma ya kila bamba la dramu: pakavu kote, isipokuwa nyuma kushoto palipokuwa na unyevu kidogo chini ya raba ya vumbi. Viungo vya paipu vikavu. Mkeka wa dereva tukaunyanyua na kupapasa pale kijiti cha pedeli kinapoingia: pakavu pia. Hapo ndipo masta iliyokufa raba ya nyuma (raba ndizo zinazoziba mafuta kwenye pistoni) hutapika, na wengi hawapaangalii kwa sababu mkeka huficha.

Kisha jaribio la kubana. Kobe huyu, yaani hii Volkswagen, ana mipira minne ya breki, miwili mbele na miwili nyuma. Tuliibana yote minne kwa koleo za midomo ya mviringo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Plaizi ya meno haifai, inakata nyuzi za ndani, na mpira uliozeeka usibanwe kabisa kama huna mpango wa kuubadilisha. Sisi tulikuwa nao. Mipira ikiwa imebanwa, mafuta hayana pa kwenda zaidi ya paipu za chuma. Pedeli ikiwa ngumu na kutulia, ugonjwa uko kwenye magurudumu. Ikizama vilevile, mafuta yanapita ndani ya masta, kutoka mbele ya raba kurudi nyuma yake. Yetu ilizama vilevile.

Kwa nini ilikamata katikati badala ya kwenda mpaka sakafuni? Masta ya saketi mbili ina pistoni mbili zilizopangana katika tundu moja. Saketi ya kwanza isiposhika shinikizo, pistoni ya kwanza husafiri bure hadi iguse ya pili na kuisukuma kama gari bovu linavyosukumwa kwa bampa. Pedeli inayozama nusu kisha ikakamata inamaanisha saketi moja imekufa na ya pili inafanya kazi peke yake. Gari linasimama, ila kwa nusu ya breki na mguu mzito. Si gari la kuendesha.

Siku ya 2: kutoa

Kwenye usukani wa kulia masta iko nyuma ya tairi la mbele kulia, imejificha pembeni mwa kichwa cha chesisi, na pedeli zake ziko upande wa pili wa chuma hichohicho. Haiwi kama Land Rover, ambayo unafungua boneti ukaiona inakutazama.

Mafuta kwenye kopo tuliyafyonza kwa sirinji kubwa kabla ya kugusa nati yoyote. Kopo liko sehemu ya mizigo ya mbele, na tone la mafuta ya breki juu ya rangi hulainisha rangi ndani ya dakika chache. Ndoo ya maji na kitambaa viwe karibu: haya mafuta huoshwa na maji, si kufutwa tu.

Gari juu ya stendi mbili, tairi la mbele kulia nje. Jeki peke yake haitoshi kwa kazi ya kulala chini.

Nati za paipu ndipo kazi huharibika. Zina uzi wa M10x1 na huchukua spana 11. Spana ya kawaida iliyo wazi hushika pande mbili tu, nati ya miaka hamsini huviringika, na baada ya hapo unatafuta koleo. Tumia spana ya paipu, ile ringi iliyokatwa mdomo paipu ipite. Mafuta ya kulegeza kutu tuliyapuliza jioni ya siku iliyotangulia na tena asubuhi. Nati mbili zilikubali. Ya tatu iliganda kwenye paipu yenyewe, ikawa inazunguka nayo. Ukiona paipu inajisokota kama kamba, acha. Ama ipashe nati joto kidogo baada ya mafuta kukauka, ama kubali kwamba paipu hiyo imekwisha uikate. Tulikata; paipu tulikuwa tunazibadilisha.

Paipu zinazotoka ni tatu: mbili za magurudumu ya mbele na moja ndefu inayokwenda nyuma kupitia handaki la katikati. Tulizifunga vipande vya utepe wa rangi na kupiga picha. Tulichora na swichi mbili za taa za breki, kila waya na mguu wake.

Bolti za masta ni mbili, kichwa 13, na zinafunguliwa kutoka ndani ya gari, mbele ya pedeli. Zinapita katikati ya vibomba vya nafasi vilivyo ndani ya kichwa cha chesisi. Bolti zikitoka, vibomba hivyo vinaweza kuangukia ndani, kwa hiyo msaidizi aishike masta kwa chini na aliye juu avute bolti moja moja. Masta inatoka kwa kuvutwa mbele. Kijiti cha kusukuma kinabaki kwenye pedeli. Usikizungushe kijiti hicho. Kina nati ya kufungia na kinaonekana kama kinakuomba ukirekebishe, lakini urefu wake umewekwa kiwandani na marekebisho hufanywa kwingine. Tutarudi hapo, kwa sababu hapo ndipo tulipopoteza siku nzima.

Siku ya 3: kuifungua mezani

Mafuta yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa, na chini ya beseni yalibaki matope mekundu. Hayo ni kutu.

Utaratibu wa kufungua una kosa moja la kawaida. Kwenye mwili wa masta kuna skrubu ndogo yenye washa inayoizuia pistoni ya pili isirudi nyuma kupita kiasi. Itoe hiyo kwanza, ndipo utoe seklipu ya mdomoni. Anayeanza na seklipu hupata pistoni ya kwanza kwa urahisi, kisha huivuta ya pili inayogoma, na kwa kulazimisha hukwaruza tundu ambalo pengine lilikuwa zima. Pistoni ya pili hutoka kwa kupuliza hewa kidogo kwenye tundu la paipu, mdomo wa masta ukielekezwa kwenye kitambaa. Kidogo, kwa sababu inaruka kama risasi.

Vyote vikapangwa juu ya gazeti kwa mpangilio wa kutoka: seklipu, washa ya kizuizi, pistoni ya kwanza na raba zake, springi, pistoni ya pili na raba zake, springi ya mwisho. Midomo ya raba ielekee wapi ni jambo la kuandika chini, si la kukumbuka. Raba iliyogeuzwa haisukumi kitu.

Kuosha ni kwa spiriti au mafuta mapya ya breki, basi. Petroli, dizeli, mafuta ya taa na oili ya injini huvimbisha raba za mfumo huu. Tumeona masta zilizooshwa kwa petroli zikafanya kazi wiki moja vizuri, kisha raba ikavimba, ikaziba kitundu cha kurudishia mafuta na gari likajifunga breki lenyewe barabarani. Lawama hupewa raba "feki", kumbe ilipikwa karakana.

Tundu lina kipenyo cha milimita 19.05. Tulilimulika kwa tochi kutoka upande mmoja tukachungulia upande wa pili. Juu na pembeni palikuwa safi. Chini, sehemu pistoni inapopumzika, palikuwa na mstari wa vishimo vya kutu, vingine vya kutosha kushika ncha ya sindano. Maji yaliyoingia kwenye mafuta yamekaa hapo miaka. Kila pedeli ilipokanyagwa, mdomo wa raba ulipita juu ya vishimo hivyo kama mtu anayepita peku kwenye matumbawe.

Kukarabati au kubadilisha? Kanuni yetu ni hii. Mikwaruzo hafifu inayofutika kwa msasa namba 600 uliolowanishwa mafuta ya breki, ukizungushwa badala ya kuvutwa kwa urefu, inatengenezeka kwa seti mpya ya raba. Kishimo ambacho bado kinaonekana baada ya mizunguko hiyo hakitengenezeki, kwa sababu ili ukifikie lazima upanue tundu. Likipanuka kupita kama milimita 0.1, raba ya 19.05 haijai tena. Ipo njia ya tatu: fundi kerezo apanue tundu, avalishe slivu ya shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, kisha alirudishe kwenye 19.05. Ni kazi nzuri kwa gari ambalo masta yake haipatikani duniani. Lakini vitundu vya mafuta lazima vitobolewe upya mahali palepale, na ukingo wa ndani wa kila kitundu usuguliwe hadi usikate raba. Kwa Volkswagen, ambayo masta mpya bado zinatengenezwa, haina maana.

Tulichagua mpya.

Kuhusu kununua

Weka ya zamani na mpya sambamba mezani kabla ya kulipa. Hesabu matundu ya paipu na pande yanapoelekea, maana ya usukani wa kushoto haikai sawa. Angalia nafasi za swichi na umbali kati ya bolti mbili. Kipenyo husomeka kwenye mwili wenyewe. Inauzwa pia ya 20.64 kwa wanaofunga diski, na muuzaji asiyejali atakwambia ni kubwa kwa hiyo ni kali zaidi. Ni kinyume. Eneo la pistoni ya 20.64 ni kubwa kuliko la 19.05 kwa takriban asilimia 17, na kwa nguvu ileile ya mguu shinikizo hupungua. Pedeli itakuwa fupi na ngumu kama jiwe, dereva atasifu, gari litachelewa kusimama.

Ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa na boksi zuri na uzi wa tundu moja ulioharibika. Ilirudishwa. Ya pili ilipita.

Siku ya 4: paipu na mipira

Kufunga masta mpya kwenye paipu za kutu ni kumpa mgeni maji ya kisimani. Matope yaleyale yangeingia ndani ndani ya wiki moja.

Paipu ni za milimita 4.75 kwa nje. Tulitumia aloi ya shaba na nikeli, ambayo haishiki kutu na hukunjika kwa mkono. Bomba la shaba la friji lisitumike, japo limejaa madukani na linafanana: shaba tupu huchoka kwa mtetemo, hukakamaa, hupasuka penye kona.

Sasa mdomo wa paipu. Magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mafundi wetu wengi wamejifunzia, yanatumia mdomo uliokunjwa mara mbili kuelekea ndani, kama faneli. Volkswagen inatumia mdomo wa tumbo, uliovimba kama kitunguu. Nati ni M10x1 kote kuwili, kwa hiyo paipu ya Kijapani itaingia, itakaza, na kwa siku chache inaweza hata isivuje. Lakini kikalio chake si hicho. Fundi huona unyevu, huongeza nguvu, na kikalio cha masta mpya kinaharibika moja kwa moja. Kifaa cha kutengenezea midomo huwa na vichwa vya aina zote mbili. Kwa mdomo wa tumbo unaishia hatua ya kwanza, ya pili huifanyi. Na ivishe nati kabla ya kupiga mdomo. Kila mtu husahau mara moja.

Mipira minne yote mipya. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani bila kuonyesha nje: mafuta yanapita ukikanyaga kwa sababu shinikizo ni kubwa, hayarudi ukiachia. Baada ya kuukaza, zungusha usukani mwisho hadi mwisho uone kama haugusi tairi wala haujisokoti.

Nyuma kushoto, pale palipokuwa na unyevu, tulifungua dramu. Silinda ilikuwa inavuja, ikabadilishwa, na mwenzake wa kulia pia, kwani breki hutengenezwa kwa jozi. Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe. Shuu za zamani, yaani vipande vinavyosugua dramu, zinaweza kuwa na asbesto. Lowanisha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Siku ya 5: kuijaza mezani na kuifunga

Masta kavu ikifungwa garini hivyohivyo, hewa hukwama ndani na kuitoa kupitia magurudumu huchukua lita za mafuta na subira ya mtu. Tuliibana kwenye jiliwa kwa masikio yake, siyo kwa mwili, ikiwa mlalo. Kwenye matundu ya paipu tukafunga vipande vya paipu vilivyokunjwa kurudi juu, na kwenye matundu ya kuingilia tukasimamisha faneli mbili ndogo zenye mafuta mapya. Ncha za paipu zilizamishwa ndani ya mafuta ya faneli. Bisibisi ya mviringo butu ikasukuma pistoni pole pole, safari nzima, na kuachia pole pole. Mapovu yalitoka kwa wingi misukumo kumi ya kwanza, yakapungua, yakaisha karibu na ya ishirini na tano.

Mafuta ni DOT 4. Yakiwa makavu huchemka si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishakunywa maji asilimia 3.7, kiwango cha chini kinashuka hadi 155. Kopo lililofunguliwa mwaka jana likakaa rafuni ni la kutupa. Tulinunua lita 1.5 na ikabaki kama robo. DOT 5 ya silikoni isichanganywe na haya kabisa, hata namba ikionekana kama ngazi inayofuata.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, na mambo matatu ya kuangalia. Raba mbili za juu, zinazopokea paipu kutoka kwenye kopo, ziwe mpya na zipakwe mafuta ya breki kabla ya kusukumwa; kavu zitajikunja na kuvujisha. Nati za paipu zianze kwa vidole, mizunguko mitatu bila spana, kabla bolti za masta hazijakazwa, ili masta iweze kucheza kidogo na kuzifuata. Na aliye chini aisukume masta juu ya kijiti wakati aliye ndani ya gari anakiongoza kwa mkono kiingie katikati ya pistoni.

Nguvu za kukaza: bolti mbili za masta nyutoni mita 25, nati za paipu na swichi za taa, 15 hadi 20. Swichi zina uzi unaochongoka, zinajifunga zenyewe. Atakayeongeza nguvu atapasua masta.

Siku ya 6: kutoa upepo

Kabla ya kutoa upepo, yaani hewa iliyokwama ndani ya mafuta, shuu. Zilirekebishwa magurudumu yote manne kwa kuzungusha vinyota kupitia tundu la bamba, bisibisi bapa, mpaka tairi likagoma, kisha kurudisha meno mawili au matatu hadi lizunguke likisugua kidogo tu. Shuu zikiwa mbali na dramu, pedeli husafiri sana hata kama hakuna povu hata moja, na mtu atatoa upepo hadi magharibi.

Anza mbali na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Hiyo ni kwa usukani wa kulia; vitabu vingi viliandikwa kwa usukani wa kushoto na vitakupa kinyume. Nipeli, skrubu ya kutolea upepo nyuma ya kila gurudumu, ni spana 7. Mpira mwembamba kutoka nipeli hadi kwenye chupa, ncha yake imezama ndani ya mafuta.

Watu wawili. Wa chini anasema "pampu", wa juu anakanyaga taratibu mara tatu. "Shika": anashikilia. Wa chini anafungua nipeli robo mzunguko, pedeli inashuka, anafunga. "Achia." Amri ya kuachia itoke *baada* ya nipeli kufungwa, sekunde moja ya kuwahi inavuta hewa yote ndani upya. Mtu wa tatu, au mtoto mwenye macho mazuri, asimamie kopo lisishuke chini ya nusu. Vyumba vyake ni viwili na kimoja huisha kabla ya kingine.

Baada ya mzunguko wa kwanza pedeli ilikuwa bado sponji. Masta ilijazwa mezani, lakini paipu zilikuwa tupu, na hewa ilipanda hadi kwenye nati za masta ambako ndiko juu zaidi. Tulishikilia pedeli na kulegeza nati moja moja pale kwenye masta, kitambaa kikiwa chini, hadi zikatema mafuta matupu. Kisha mzunguko wa pili. Pedeli ikawa juu na imara.

Siku ya 7: barabarani, na breki zisizoachia

Kilomita mbili za kwanza zilikuwa safi. Ya nane, gari likaanza kuwa zito kama linavuta trela. Tulisimama. Dramu zote za mbele zilikuwa za moto kiasi cha kukausha mate, na tairi la mbele halikuzunguka kwa mkono.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya fundi na mbadilisha spea. Kabla halijapoa, tulilegeza nati ya paipu ya mbele kwenye masta. Mafuta yakaruka na tairi likaachia. Kama tairi lingebaki limefungwa hadi tufungue nipeli yake, kosa lingekuwa la mpira. Kama lingebaki limefungwa hata baada ya nipeli, kosa lingekuwa shuu au silinda ya tairi. Kuachia kwenye masta kunamaanisha masta inashikilia shinikizo.

Na masta mpya hushikilia shinikizo kwa sababu moja karibu kila mara: pistoni hairudi hadi mwisho. Ndani ya tundu, mbele kidogo ya raba pistoni ikiwa imepumzika, kuna kitundu chembamba kinachounganisha saketi na kopo. Breki zikipata joto, mafuta yanatanuka na kupitia kitundu hicho yanarudi kopo. Kijiti kikiisukuma pistoni hata kidogo tu wakati pedeli imeachiwa, raba inakifunika. Mafuta yanatanuka bila pa kwenda, shuu zinakandamiza dramu, joto linaongezeka, mafuta yanatanuka zaidi. Kwa hiyo tatizo huanza baada ya kilomita kadhaa na hupotea gari likipoa, na gereji ya kwanza itakwambia haioni kitu.

Tulipima kina cha kikalio cha kijiti kwenye masta ya zamani na kwenye mpya iliyorudishwa dukani, iliyokuwa ya aina moja na tuliyoifunga. Kwenye mpya, pistoni ilikuwa nje zaidi kwa kama milimita 1.5. Nafasi yote iliyotakiwa ilikuwa imeliwa.

Nafasi sahihi kati ya ncha ya kijiti na pistoni ni milimita 1. Kwenye uso wa pedeli unaisikia kama milimita 5 hadi 7 za mchezo mwepesi kabla ya kukuta ugumu. Inarekebishwa kwa kizuio cha pedeli, bamba lililofungwa sakafuni lenye matundu marefu: legeza, sogeza nyuma hadi mchezo uonekane, kaza. Kijiti hakiguswi. Bamba lilisogezwa, mchezo ukawa milimita 6.

Uthibitisho ni kwenye kopo. Fungua kifuniko, mwenzako aguse pedeli kwa kidole tu. Mwanzoni kabisa mwa safari uso wa mafuta lazima utikisike au uruke kidogo, kwenye vyumba vyote viwili: hiyo ni mafuta yanayorudishwa kupitia kitundu kabla raba haijakipita. Uso ukitulia kama maji ya mtungi, kitundu kimefunikwa au kimeziba. Jaribio hili huchukua sekunde tano, na lingetuokolea safari ya kurudi kwa miguu kama lingefanywa siku ya 6.

Siku ya 8

Kilomita 25 mfululizo, nusu yake mjini kwa kusimama mara kwa mara. Dramu za mbele vuguvugu, za nyuma karibu baridi, kama inavyotakiwa kwa gari ambalo uzito hukimbilia mbele likifunga breki. Kusimama kwa nguvu kutoka kilomita 40 kwa saa, barabara kavu na tupu: linavuta kidogo kushoto. Shuu za mbele kulia ziliongezwa jino moja, likanyooka. Pedeli ikashikiliwa dakika mbili nzima kwa mguu mzito, haikushuka. Nati zote tatu na raba za juu zilifutwa kwa karatasi nyeupe, karatasi ikatoka safi.

Taa za breki zilichelewa kuwaka hadi pedeli ikanyagwe sana. Swichi moja kati ya mpya mbili haifungi saketi kabisa: mita haikuonyesha kitu hata chini ya shinikizo kamili. Imerudishiwa ya zamani upande huo kwa muda, ikatolewa upepo tena pale pale. Swichi nyingine imeagizwa, na kukagua nati upya kumepangwa baada ya kilomita 200.